Ratiba ya ndege ikibadilishwa baada ya kukata tiketi: la kufanya kabla ya kubonyeza "Kubali"

Ujumbe huja siku usiyoutegemea: "Kuna mabadiliko katika safari yako." Chini yake kuna kitufe kikubwa cha Kubali, na pembeni, kwa maandishi madogo, njia ya kuona chaguo nyingine. Wengi hubonyeza Kubali wakidhani wanajibu tu kwamba wameona. Sivyo. Shirika linakuomba upokee safari nyingine badala ya ile uliyoilipia. Kabla hujajibu, una nafasi ya kudai ndege nyingine bila nyongeza ya nauli, na mara nyingine kurudishiwa fedha zako. Ukishakubali, sehemu kubwa ya nafasi hiyo imekwisha.

Mabadiliko haya ni ya kawaida. Mashirika mengi huanza kuuza tiketi takribani miezi 11 kabla ya safari, wakati nafasi za kutua viwanjani na mgawo wa ndege bado havijakaa sawa. Ratiba za dunia hugawanywa misimu miwili, mmoja ukianza Jumapili ya mwisho ya Machi na mwingine Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na hapo ndipo panapopanguliwa mengi. Ukikata tiketi ya Desemba mwezi Februari, tarajia ujumbe angalau mmoja.

Hatua ya 1: Kusanya vielelezo, usibonyeze kitu

Usifungue kiungo kilichokuja kwa SMS. Matapeli hutuma ujumbe wa namna hii, na namba za simu za "huduma kwa wateja" zinazojitokeza ukitafuta mtandaoni si zote za kweli. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya shirika, ingia kwa jina la ukoo na namba ya bukingi (nafasi uliyohifadhiwa kwenye ndege) yenye herufi na tarakimu sita.

Hakikisha namba hiyo ni ya shirika. Mawakala wengi wana namba yao ya ndani, ambayo tovuti ya shirika haiitambui. Kisha tafuta namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha nani ametoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates, 197 Air Tanzania. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha, hata kama utapanda ndege ya mwingine. Piga picha ya skrini ya ratiba ya zamani na ya mpya. Ile ya zamani huweza kutoweka kwenye tovuti, na bila hiyo utakuwa unabishana kwa maneno matupu.

Hatua ya 2: Soma upya, kalamu mkononi

Hapa usiharakishe. Chora safu mbili kwenye karatasi, zamani na sasa, uandike kila ndege: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, uwanja, namba ya ndege, na shirika linaloiendesha.

Chukua mfano. Ndege ya kutoka Dar iliyokuwa iondoke tarehe 11 saa 23:55 sasa inaondoka tarehe 12 saa 00:40. Ukiangalia haraka ni dakika 45 tu. Lakini tarehe imevuka. Kwa saa zetu, ya kwanza ni saa sita kasoro dakika tano usiku, tarehe 11. Ya pili ni saa sita na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 12. Safari haijahama usiku: unatoka nyumbani jioni ileile ya tarehe 11. Abiria anayesoma "tarehe 12, saa 00:40" na kwenda uwanjani jioni ya tarehe 12 ameachwa na ndege karibu siku nzima iliyopita. Kosa hili ni la kawaida kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo andika kwenye karatasi kwa maneno: "natoka nyumbani tarehe 11 jioni".

Sasa nenda kwenye kuunganisha ndege. Katika mfano huohuo, ulikuwa ufike uwanja wa kati saa 05:30 na ndege ya pili iondoke 07:00. Kama ya kwanza imechelewa dakika 45 na ya pili haijaguswa, zimebaki dakika 45. Kila uwanja una muda wa chini kabisa unaoruhusiwa kuunganisha, na kwenye viwanja vikubwa vingi huwa kati ya dakika 45 na 90. Kompyuta ikiona muda umetimia, inakuachia safari hiyo hata kama una watoto wawili na foleni ya ukaguzi mbele yako. Na kwa kuwa kila ndege hubadilishwa peke yake kwenye mfumo, hutokea ukapata ratiba isiyowezekana kabisa, ndege ya pili inaondoka kabla ya ya kwanza kutua. Usidhani watu wa shirika wameshaiona.

Angalia pia uwanja. Jiji kama London au Istanbul lina viwanja zaidi ya kimoja. Kutua kimoja na kuondokea kingine maana yake ni kuingia nchini, na kuingia nchini ni suala la viza. Zaidi ya hayo, tazama kama siku ya kufika imetangulia tarehe ya kuanza kwa viza yako. Viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) inayoanza tarehe 5 haikuingizi tarehe 4, hata kama kosa ni la shirika.

Hatua ya 3: Jua sheria gani inakuhusu

Safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani: tangu Oktoba 2024 kanuni iko wazi. Ndege ya kimataifa ikiwahishwa kuondoka au kucheleweshwa kufika kwa saa 6 au zaidi (saa 3 kwa za ndani), au ukiongezewa vituo vya kuunganisha, ukibadilishiwa uwanja wa kuanzia au wa mwisho, au ukishushwa daraja, una haki ya kurudishiwa fedha ukikataa safari mpya. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurudishiwa ndani ya siku 7 za kazi, njia nyingine siku 20. Haki hiyo haidumu ukikubali safari mpya au ukapokea vocha.

Umoja wa Ulaya: kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inahusu ndege yoyote inayoondoka huko, na ndege za mashirika ya huko zinazoelekea huko, ikiwemo ya kutoka Dar au Nairobi. Safari ikifutwa unachagua mwenyewe kati ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 7 na kupangiwa njia nyingine. Mahakama ya Ulaya iliamua Desemba 2021 kwamba ndege iliyowahishwa kwa zaidi ya saa moja huhesabiwa kuwa imefutwa. Fidia ya pesa taslimu, euro 250 hadi 600 kulingana na umbali, ni suala jingine: ukiarifiwa siku 14 au zaidi kabla, haipo.

Kwingineko unategemea zaidi masharti ya usafirishaji ya shirika, yaliyo kwenye tovuti yake. Tafuta sehemu ya mabadiliko ya ratiba. Wengi huruhusu kuhamia ndege yao nyingine ya siku za jirani bila malipo.

Hatua ya 4: Tafuta ndege unayoitaka kabla ya kupiga simu

Mhudumu ana watu wengi kwenye foleni. Ukimwambia "nitafutie kitu kizuri" atakupa cha kwanza anachokiona. Fungua ukurasa wa kununua tiketi, tafuta ndege ya shirika hilohilo yenye nafasi, andika namba na tarehe, na ya akiba moja. Kisha sema hivi: "Ratiba yangu imebadilishwa na shirika. Sijakubali. Naomba nihamishiwe ndege namba fulani ya tarehe fulani, bila tofauti ya nauli." Akitaja malipo, muulize kwa upole kama ameona kwamba mabadiliko hayakutoka kwako. Mara nyingi anakuwa amefungua ukurasa wa mabadiliko ya hiari, yaani yale yanayoombwa na abiria mwenyewe.

Hatua ya 5: Dai tiketi itolewe upya

Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Mhudumu anaweza kubadilisha bukingi, ukaona ndege mpya kwenye simu yako ukafurahi, lakini tiketi ikabaki inaonyesha ndege ya zamani. Siku ya safari, kaunta inakuambia jina lipo, tiketi haipo. Kabla hujakata simu uliza: "Tiketi imetolewa upya? Namba yake ni ipi?" Subiri barua pepe yenye tarakimu 13. Isipofika ndani ya saa 24, piga tena.

Baada ya hapo pitia siti, chakula maalumu, kiti cha magurudumu na begi ulilolipia. Hivi havihami vyenyewe kila mara. Ndipo uguse hoteli, usafiri wa uwanjani na bima.

Maswali ya wanachama

*Mwanza: Nilinunua kwa wakala. Wakala ananiambia nisubiri, shirika linaniambia niende kwa wakala. Nifanyeje?*

Ndugu, tiketi ya wakala mara nyingi hubaki chini yake mpaka safari ikaribie. Mwandikie wakala, usiishie kwenye simu: taja namba ya tiketi, ndege unayoitaka, na mpe saa 48. Barua hiyohiyo nakili kwa shirika. Pia ingia kwenye bukingi uweke simu na barua pepe yako, maana mawakala wengi huweka za kwao na ujumbe unaofuata hautakufikia. Fedha za kurudishwa nazo kwa kawaida hupitia kwa aliyekutoza.

*Lubumbashi: Nilikuwa napitia Addis kwenda Montreal, sasa wamenipitisha Brussels. Nina pasi ya Kongo. Kuna shida?*

Swali zuri sana, kaka. Wenye pasi ya Kongo ya Kinshasa (DRC) wako kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita ndani ya uwanja katika nchi za Schengen, hata bila kutoka nje. Ukiwa na viza halali ya Kanada umesamehewa. Lakini anayekwenda kwingine bila viza ya aina hiyo atazuiwa kaunta kulekule anakoanzia. Huyo aikatae njia mpya na aitaje sababu hiyo ya viza.

*Minneapolis: Ndege yetu ya kwenda Dar imesogezwa saa mbili. Tunataka hela zetu.*

Kwa saa mbili peke yake, kanuni ya Marekani haiwapi. Hesabuni lakini vituo: mlikuwa mnaunganisha mara moja, sasa ni mbili? Hapo mnayo haki.

*Unguja: Wageni wangu walikuwa wanatua Dar asubuhi wapande boti. Sasa wanatua usiku, boti hakuna.*

Boti ni tiketi nyingine, shirika la ndege halidaiwi chochote juu yake. Ila mashirika kadhaa yanayotua Dar yanatua Zanzibar pia. Waambie wageni wako wasikubali bado, waombe kwa shirika hilohilo mwisho wa safari ubadilishwe uwe Zanzibar, kwa sababu ya mabadiliko hayo. Wakikataliwa, waombe ndege ya mapema zaidi. Wakikosa yote, walale Dar, na tiketi ya boti waihamishe leo, wasingoje siku yenyewe.

*Nairobi: Nimeshabonyeza Kubali jana usiku. Basi tena?*

Piga leo hii, dada. Shirika halilazimiki, ila wahudumu wengi wanaweza kurekebisha kama ni mara ya kwanza na nafasi ipo. Na kama ratiba itaguswa tena, mabadiliko mapya huja na chaguo lake. Mara hiyo anzia karatasi yenye safu mbili.

*Muscat: Kitanda cha mtoto tulichoomba hakionekani tena kwenye bukingi.*

Pengine ndege yenyewe imebadilishwa aina, na vitanda hufungwa kwenye siti chache za mbele ya ukuta tu. Piga simu uombe upya, utaje umri na kilo za mtoto, kisha ukumbushe kaunta mkifika uwanjani.