Kabla ya semina ya video: mambo ya kuweka sawa mapema

Anza na saa. Nina wanafunzi wa uzamili Dar es Salaam, Mwanza na Bujumbura, na semina yangu ya kwanza ilianza na nusu ya watu kwa sababu niliandika "saa nane mchana" nikaona inatosha. Bujumbura iko nyuma yetu kwa saa moja. Siku hizi naandika: saa 8 mchana Dar na Mwanza (14:00), saa 7 mchana Bujumbura (13:00). Inachosha, lakini hakuna tena anayeniuliza.

Halafu sauti. Picha ikikwama semina inaendelea. Sauti ikikatika, mmebaki kutazamana. Sauti peke yake haifikishi hata megabaiti 50 kwa saa, ilhali video hula bando mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo sioni sababu ya kumlazimisha mtu afungue kamera wakati hasemi. Kama wanafunzi kadhaa wamekusanyika chumba kimoja, kompyuta moja tu ndiyo iwe na maiki na spika. Wengine wazime vyote viwili. Wakizima maiki na kuacha spika wazi, sauti yako inatoka kwao kwa kuchelewa, inaingia kwenye maiki ya yule mmoja, nawe unaanza kujisikia ukijirudia kama uko pangoni.

Kazi kubwa ni kuwafanya watu waseme, na hiyo haifanyiki siku ya semina. Siku mbili kabla, tuma swali moja la kubishania, si slaidi arobaini, na orodha ya watakaoanza kujibu. Ukiuliza "Nani ana mchango?" utapata kimya, na si kwamba hawajasoma. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, mazungumzo huanza kupoteza mtiririko wake: wawili wanaanza pamoja, "samahani, endelea", "hapana, endelea wewe", kisha wote wananyamaza. Ita mtu kwa jina, mtaje na atakayefuata ili ajiandae, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuingilia. Kumi ni ndefu sana kwa mhadhiri. Vumilia.

Vyumba vidogo vya mtandaoni, yaani kuwagawa washiriki wanne wanne ndani ya kikao, vinafaa iwapo tu umeshateua mwandishi wa kila kimoja, vinginevyo dakika tano zinakwisha kwa "aandike nani?" Wape dakika 12 na wadai sentensi moja iliyoandikwa. Sentensi moja kweli, maana "jadilini" huleta soga. Na kama unatumia akaunti ya bure ya Zoom, kumbuka kikao cha kundi hukatwa kwenye dakika 40, basi panga mapumziko yaangukie hapo, na kiungo cha kipindi cha pili kiwe tayari kwenye kundi la WhatsApp.

Mwisho, usiendeshe peke yako. Mpe kiongozi wa darasa mamlaka ya mwenyeji mwenza, aangalie chati na kuwaruhusu waliochelewa. Wiki ya tatu umeme ulikatika kwangu. Niliporudi kwa simu baada ya dakika tisa nilikuta mjadala umepamba moto, kijana wa Mwanza akimbana mwenzake wa Bujumbura kuhusu ukubwa wa sampuli. Nikasema, "Samahani jamani, umeme." Mmoja akajibu, "Kwani ulitoka, Dokta?"