Mbwa ana vipele na dawa hazimsaidii? Fanya hivi

Jamani wenye mbwa, kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki, sikia kwanza. Vipele vyenye usaha vya mbwa mara nyingi vinaletwa na bakteria anaitwa Staphylococcus pseudintermedius, anakaa kwenye ngozi yake siku zote, sasa wapo walioshakuwa sugu, unampa dozi ya pili ya tatu na wapi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kama ameshatumia dawa bila kupona mwombe achukue sampuli ya usaha ikaoteshwe maabara, hapo ndo mtajua dawa gani inamuua huyo mdudu. Inachukua siku kadhaa na ina gharama, najua, ila ni nafuu kuliko kubahatisha.

Kama vipele viko ngozi ya juu tu, shampuu yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi) inaweza kutosha kabisa. Mpake, povu likae dakika 10 hivi (hapa ndo wengi tunakosea, tunasuuza haraka mno!), halafu suuza.

Akiandikiwa vidonge mpe saa zilezile, usipunguze wala kuruka, na usiache bila kumuuliza daktari. Mabaki ya amoksilini yako usimpe, nakuomba sana. Nawa mikono ukishamshika, na asilambe vidonda vya watoto.

Pia muulize daktari kuhusu viroboto na aleji, maana chanzo kisipotibiwa vipele vitarudi tu.