Tokeni za stima zinaisha mapema? Anzia bafuni

Ukipanga nyumba ya stima tupu hapa Nakuru, isiyo na gesi wala jiko la makaa, usilaumu taa wala televisheni. Shawa ya maji moto huvuta kilowati 5 hivi. Dakika 12 ni yuniti nzima, yaani kilowati-saa moja. Kwa baridi ya Julai hapa kwetu, watu wanne wakioga hivyo kila asubuhi ni yuniti 120 kwa mwezi, kabla hamjachemsha hata chai.

Tena bei ya yuniti hufuata wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Wastani ukipita yuniti 100, unapanda kiwango cha bei, na kubana matumizi mwezi mmoja hakukushushi papo hapo. Punguzeni dakika za kuoga kwanza.

Halafu, na hili tafadhali lifanyeni leo: zima swichi kubwa ya nyumba yako, uende kwenye mita. Taa yake ikiendelea kupepesa, huenda kuna waya unaolisha kwingine, labda pampu ya maji au taa za ngazi. Piga video, umwonyeshe mwenye nyumba, na udai fundi mwenye leseni.