Namna ya Kuitembelea Mamallapuram, Mji wa Pwani wenye Mahekalu ya Mawe

Mamallapuram, mji ambao ramani nyingi bado huuandika Mahabalipuram, uko kwenye pwani ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, umbali wa kilomita 55 hivi kutoka Chennai kwa barabara inayofuata Ghuba ya Bengal. Watu wa Afrika Mashariki wanaokwenda Chennai kwa matibabu au masomo mara nyingi hupata siku moja au mbili za nafasi, na wengi wao hukodi gari asubuhi, wakazunguka mahekalu kwenye jua kali, kisha wakarudi jioni wakiwa hoi. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote hapa yanautegemea, ni kwamba ulale huko angalau usiku mmoja. Karibu kila kinachotazamwa katika mji huu kimechongwa kwenye graniti, na saa sita mchana jiwe hilo huwaka moto, na tena hupoteza vile vivuli vinavyofanya michongo ionekane. Anayefika saa nne na kuondoka saa tisa atakuwa amechagua saa mbaya kuliko zote.

Majira yanayofaa zaidi ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Pwani hii haipati mvua zake kubwa Juni na Julai kama sehemu nyingi za India, bali kati ya Oktoba na Desemba, upepo wa kaskazini-mashariki unapovuma, na huo ndio pia msimu wa vimbunga. Kimbunga Mandous kiliingia nchi kavu karibu kabisa na mji huu mwezi Desemba 2022. Mwezi Mei joto linaweza kupita nyuzi 40, nami nisingempeleka mgonjwa wala mzee huko wakati huo. Viza huombwa mtandaoni kabla ya safari, na anayetoka katika nchi zenye homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, anatakiwa awe na cheti cha chanjo iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kufika.

Kutoka Chennai unaweza kupanda basi la barabara ya pwani, ambalo ni rahisi sana lakini hujaa, au ukachukua teksi, ambayo inafaa zaidi ukitokea uwanja wa ndege moja kwa moja kwa sababu uwanja huo uko upande wa kusini wa jiji. Ukishafika, mji wenyewe unazungukika kwa miguu, na penye umbali kidogo zipo bajaji. Patana nauli kabla hujakaa. Beba pesa taslimu, kwa kuwa wachuuzi wadogo hupokea malipo kwa simu kupitia mfumo ambao mgeni asiye na akaunti ya benki ya India huenda asiweze kuutumia.

Panga kufika mchana, upumzike, kisha saa kumi alasiri upande kwenye kilima kilicho katikati ya mji. Pale chini utakuta umati mbele ya jiwe kubwa la mviringo, lenye kimo cha mita sita hivi, lililokaa kwenye mteremko kana kwamba litabingirika wakati wowote. Watu hujifanya wanalizuia kwa mikono ili wapigwe picha. Piga yako ukipenda, lakini usiache mapango ya kilima hicho yakupite kwa ajili yake. Mapango hayo yalichongwa katika karne ya 7, wakati wa wafalme wa nasaba ya Pallava, na mji ulipata jina lake kutokana na mmoja wao, Narasimhavarman wa Kwanza, aliyekuwa na lakabu ya Mamalla. Pango la kutulia nalo ni lile la Mahishasuramardini, lililo karibu na mnara wa taa. Kwenye ukuta mmoja mungu wa kike Durga amepanda simba na kuvuta upinde, na mbele yake pepo mwenye kichwa cha nyati anarudi nyuma huku ameshika rungu, askari wake wakianguka. Kwenye ukuta unaotazamana na huo mungu Vishnu amelala juu ya nyoka, ametulia kabisa. Simama katikati, uutazame mmoja kisha mwingine, na utaona kwamba wachongaji walikusudia pande hizo mbili zisemezane.

Kabla ya kushuka, angalia chini. Juu ya miamba kadhaa utaona safu za vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka. Hapo mafundi walipigilia kabari ili mwamba upasuke kwa mstari walioutaka, na baadhi ya miamba iliachwa kabla haijapasuliwa. Alama hizo zitakusaidia kuelewa utakayoyaona kesho yake.

Siku ya pili amka mapema uwe kwenye lango la Hekalu la Ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, linapofunguliwa. Tiketi hutumika siku hiyo hiyo kwa hekalu hili na kwa yale Magari Matano (Pancha Rathas), mahekalu ya mwamba nitakayoyaeleza, kwa hiyo usivigawe katika siku mbili. Raia wa India hutozwa rupia 40 na mgeni rupia 600, ingawa ni vizuri kuhakikisha bei kwenye tovuti ya idara ya akiolojia ya India, ambako pia tiketi hununuliwa. Hekalu hili lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8, wakati wa mfalme Rajasimha, na linatofautiana na mapango kwa jambo moja kubwa: halikuchimbwa katika mwamba, bali lilijengwa kwa matofali ya graniti yaliyopangwa moja juu ya jingine. Lina minara miwili. Mkubwa unaelekea mashariki, jua linakochomoza baharini, na mdogo unaelekea magharibi. Ng'ombe dume wa mungu Shiva wamepangwa juu ya ukuta wa nje, na wengi wao wamelika kiasi kwamba pua na masikio yamebaki mavimbe tu, kwa sababu ya chumvi na mchanga unaoletwa na upepo. Ukuta wa mawe uliowekwa baharini na mivinje iliyopandwa kandokando ni kinga dhidi ya uharibifu huo. Tsunami ya mwaka 2004 iliondoa mchanga na kufichua mawe yaliyochongwa, na kule Saluvankuppam, kilomita chache upande wa kaskazini, wanaakiolojia walifukua hekalu la kale la matofali.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye mchongo mkubwa ulio mjini, kwa maana unaelekea mashariki na jua la asubuhi ndilo linaloufaa. Una upana wa karibu mita 30 na kimo cha zaidi ya mita 12. Wengine husema unaonyesha toba ya Arjuna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, wengine kushuka kwa mto Ganga kutoka mbinguni, na ufa ulio katikati, wenye nyoka waliokunja mikono kwa heshima, unaipa nguvu rai ya pili, kwani juu yake kulikuwa na tangi la maji ya kumwagwa kwenye ufa huo. Usiridhike kwa kutazama tembo pekee. Chini ya pembe za tembo mkubwa tafuta paka aliyesimama wima, mikono juu, akimwiga mtawa aliye upande wa pili, huku panya wamemzunguka wakimwamini. Ni mzaha uliochongwa karibu na miungu, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Magari Matano yako upande wa kusini wa mji, na ni vizuri uyafikie kabla ya saa nne. Kila moja ni mfano wa hekalu uliochongwa kutoka juu kwenda chini katika mwamba uliopo pale pale, na kwa vile kazi haikumalizika, sehemu za chini za baadhi yake bado ni mbichi. Lile linaloitwa la Draupadi lina paa lililochongwa kufuata umbo la paa la nyasi, na mtu wa pwani aliyezoea nyumba za makuti ataona mara moja jinsi fundi alivyoifuata ile mikunjo ya pembeni.

Mchana jifiche kivulini, unywe madafu na kupata dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu) au samaki. Hekalu la Sthalasayana Perumal, lililo katikati ya mji, bado ni mahali pa ibada: vua viatu, funika mabega na miguu, usipige picha pasipo ruhusa, na usijaribu kuingia patakatifu ikiwa wewe si Mhindu. Kama mahekalu mengi ya Tamil Nadu, hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri.

Bahari yenyewe itazamwe kwa tahadhari. Mawimbi ni makubwa na mkondo huvuta kwa nguvu, hasa karibu na mawe ya kinga, na utulivu wa juu ya maji usikudanganye. Waulize wavuvi kabla hujaingia, na usivuke kina cha magoti ikiwa si mwogeleaji hodari. Wenyeji wengi huingia majini na nguo zao zote, kwa hiyo mwanamke aliyejifunga kanga hatashangaza mtu.

Sauti ya patasi utakayoisikia mitaani ni ya wachongaji wa leo, wanaofuata kazi ile ile. Chuo cha serikali cha ujenzi na uchongaji kiko hapo tangu mwaka 1957. Ukinunua sanamu, uliza kama ni graniti au jiwe la sabuni, kwa kuwa hili la pili hukwaruzika kwa ukucha na bei yake ni ndogo zaidi. Dai risiti inayoonyesha kuwa ni kazi mpya, kwani sheria ya India inakataza kutoa nchini vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100, na upime uzito wake kabla ya kulipa, ukikumbuka kilo ambazo shirika la ndege limekuruhusu.