SOMO: Mwanga umebadili usumaku wa fuwele ya Sr₂IrO₄ (oksidi ya strontiamu na iridiamu yenye safu), au umeipasha moto tu?

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimepiga leza, ishara imebadilika, je, nimedhibiti usumaku?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Vaa miwani ya leza. Mwanga wa nanomita 800 huunguza jicho ingawa hauonekani vizuri.

2. Poza fuwele hadi kelvini 100 hivi. Usumaku wake hujipanga chini ya kelvini 240.

3. Weka uga wa sumaku unaozidi tesla 0.2. Spini (visumaku vidogo vya elektroni) zimeinama, kwa hiyo kila safu ina usumaku kidogo, ila bila uga safu hufutana na kipimo cha Kerr (jinsi usumaku unavyozungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ulioakisiwa) hakioni kitu.

4. Gawa mwanga: mpigo wa kuchochea na mpigo wa kupima, femtosekunde 100 hivi kila mmoja (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde).

5. Tafuta sifuri ya wakati, yaani pale mipigo yote miwili inapofika pamoja kwenye fuwele. Kioo cha kuchelewesha kikirudi nyuma milimita 0.15, mwanga husafiri milimita 0.3 zaidi: pikosekunde 1.

6. JOTO. Wengi huharibu hapa, tena bila kujua. Anza kwa kuangalia kabla ya sifuri: ukiona mabadiliko, fuwele haijapoa tangu mpigo uliotangulia. Punguza idadi ya mipigo kwa sekunde, lakini nishati ya kila mpigo ibaki ileile. Ishara ikibadilika, ulikuwa unapima joto lililojikusanya. Kisha geuza uga na urudie vipimo vyote. Sehemu isiyogeuza alama si usumaku, ni uakisi tu uliobadilika. Mwisho, rudia juu ya kelvini 240. Ishara ya sumaku lazima ipotee. Usiandike neno "kudhibiti" kabla ya majaribio haya.

MASWALI

Kijana_wa_Optiki: Mkuu, mimi nimepima uga upande mmoja tu, grafu imetoka safi. Inatosha?

Mwandishi: Hapana. Soma namba 6.

Kijana_wa_Optiki: Lakini grafu ni safi kabisa.

Mwandishi: Joto nalo hutoa grafu safi. Geuza uga.

BintiFizikia: Samahani kaka, kwa nini tuhangaike na oksidi zenye safu?

Mwandishi: Umeuliza jambo la maana, dada. Ndani ya safu spini zinashikana kwa nguvu. Kati ya safu na safu mshiko ni dhaifu. Utafiti wa 2016 kwa leza ya eksirei ulionyesha kwamba mpigo mkali ukivunja mpangilio wa Sr₂IrO₄, spini za ndani ya safu hujipanga upya kwa pikosekunde chache, ilhali mpangilio wa safu zote kwa pamoja huchukua mamia ya pikosekunde. Basi pima mbali, usiishie pikosekunde 10.

BintiFizikia: Na bila kurusha elektroni kwenye ngazi za juu za nishati kabisa, inawezekana kubadili usumaku?

Mwandishi: Ndiyo. Mwaka 2011 watafiti walitikisa vifungo vya manganizi na oksijeni katika La₀.₅Sr₁.₅MnO₄ (oksidi nyingine yenye safu) kwa infraredi ya kati, mpangilio wa sumaku ukavurugika. Nishati ya kila fotoni (chembe ya mwanga) hapo ni ndogo, kwa hiyo joto la ziada hupungua.

Fundi_Lenzi: Nyongeza: mpigo wa kupima uwe rangi tofauti, kichujio kikae mbele ya kigunduzi. Mwanga wa kuchochea ukipenya, utaona "usumaku" hata kwenye kioo kitupu.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na doa la kupima liwe dogo kuliko la kuchochea.