Umechaguliwa Mjumbe wa Kamati ya Shule ya Msingi: Namna ya Kuifanya Kazi Hiyo

Mara nyingi uchaguzi wa wajumbe wa kamati ya shule hufanyika mwishoni mwa mkutano wa wazazi, watu wakiwa wamekwisha kuchoka na jua. Jina linatajwa, mikono inanyooshwa, na mzazi anarudi nyumbani akiwa mjumbe pasipo mtu kumweleza anatakiwa kufanya nini. Baadaye huitwa kikaoni, huwekewa makaratasi mbele yake na kuombwa atie saini. Nimewahi kuwa mjumbe wa namna hiyo katika shule ya msingi ya serikali, na yapo mambo ambayo ningefurahi kuyajua tangu siku ya kwanza. Ninayaandika hapa kwa ajili ya mzazi wa Tanzania ambaye ameipokea kazi hii juzi na ana nia ya kuifanya kweli.

Kamati ya shule ni chombo cha kisheria. Imetajwa katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na kwa sababu hiyo mjumbe hashiriki kama mgeni mwalikwa wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati: ndiye anayeandaa taarifa, anayetunza mihtasari na anayetekeleza yaliyoamuliwa. Mwenyekiti ndiye anayeongoza kikao. Ukiona katibu anafungua kikao, anasoma ajenda, anajibu maswali yote na kukifunga mwenyewe huku mwenyekiti akiitikia kwa kichwa, ujue kamati hiyo imelala, na jambo la kwanza la kuomba, kwa heshima na mbele ya wenzako, ni kwamba ajenda na taarifa za fedha ziwafikie wajumbe siku kadhaa kabla ya kikao ili kila mmoja apate muda wa kuzisoma au kusomewa.

Mipaka nayo ni ya kuijua mapema. Kamati haiajiri walimu wala haiwafukuzi. Mwajiri wao ni halmashauri, na masuala ya nidhamu yao hushughulikiwa kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu. Mjumbe anayeingia darasani katikati ya kipindi kumhoji mwalimu mbele ya watoto anaivunjia heshima kamati nzima. Lalamiko dhidi ya mwalimu hupelekwa kwa mwalimu mkuu. Likikwama hapo, au likimhusu mwalimu mkuu mwenyewe, hupelekwa kwa afisa elimu kata na kuendelea hadi ofisi ya elimu ya halmashauri, na kila hatua iwe na maandishi yenye tarehe.

Fedha: pale ambapo mjumbe anahitajika zaidi

Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kwa utaratibu ulioanza wakati huo, ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo shilingi 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 hufika shuleni. Fanya hesabu ya shule yako kabla ya kikao. Shule yenye wanafunzi 600 inatarajia shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Ukiingia kikaoni na hesabu hiyo kwenye daftari lako, taarifa ya mapato haikupiti tena kama upepo: unaweza kuuliza ni miezi mingapi fedha zimeingia, kiasi gani, na kama idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa ruzuku inalingana na watoto waliopo madarasani.

Taarifa ya fedha husomwa kwa kulinganisha karatasi tatu. Taarifa ya benki inaonyesha kilichoingia na kilichotoka. Hati ya malipo inaonyesha nani alilipwa, kwa kazi gani na kwa idhini ya nani. Risiti inaonyesha kilichonunuliwa. Chukua malipo mawili au matatu tu na uyafuate yote mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuyapekua yote juu juu hakuonyeshi kitu. Katika kikao kimoja tulichukua malipo ya ukarabati wa madawati 40. Hati ilikuwapo, risiti ilikuwapo na saini zilitimia. Mama mmoja mwenye genge la mbogamboga, ambaye hakuwa na mazoea ya kuzungumza vikaoni, aliuliza madawati hayo yako madarasa gani. Tulitoka wote, tukapita darasa kwa darasa tukipapasa mbao na misumari mipya, tukahesabu 26. Yaliyobaki yalikuwa kwa fundi, ambaye alikwisha kulipwa fedha zote. Hakuna aliyetukanwa, fundi aliitwa, akapewa wiki mbili, na kamati ikaweka kwenye muhtasari kwamba kuanzia hapo fundi atalipwa sehemu ya mwisho baada ya kazi kukaguliwa. Naamini swali lile lilikuwa na faida kuliko hotuba zote nilizozisikia kwenye kamati ile.

Vivyo hivyo kwa ujenzi. Shule inapopata fedha za darasa au vyoo na kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, huundwa kamati ndogo za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Ukiwekwa kwenye mapokezi, usitie saini kwa simulizi. Hesabu mifuko ya saruji inaposhushwa, pima nondo, na bati likiwa limeandikwa geji 28 hakikisha hujapokea geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi ingawa kwa macho zinafanana. Ikiwa huna ujuzi huo, mwite fundi unayemwamini asimame nawe kwa nusu saa. Kumbuka pia kulinganisha mahitaji na viwango vya kitaifa kabla ya kupitisha mpango: tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25, na wanafunzi 45 kwa chumba cha darasa. Shule yenye wasichana 300 na wavulana 300 inahitaji matundu 15 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, na ikiwa ina matundu nane kwa jumla, sioni kwa nini ukuta wa geti utangulie kwenye mpango wa maendeleo wa shule.

Masomo na mahudhurio

Mjumbe hahitaji kuwa mwalimu ili kufuatilia taaluma. Omba rejesta za mahudhurio za mwezi mmoja na uangalie siku zenye alama nyingi za watoro. Zikirundikana siku ya mnada, au msimu wa palizi, tatizo liko kwa sisi wazazi na linaweza kuzungumzwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Zikirundikana kwenye darasa moja tu, mwulize mwalimu mkuu kulikoni. Kwa watoto wadogo, uliza ni wangapi wa darasa la pili na la tatu ambao hawajamudu kusoma, kuandika na kuhesabu, na shule inawasaidia vipi. Jibu liwe idadi na mpango, kisha uliulizie tena kikao kinachofuata.

Usalama wa mtoto

Hapa naomba mjumbe asilegee hata kidogo. Kanuni za adhabu ya viboko zinaweka kikomo cha viboko vinne, vinavyotolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu hiyo huandikwa kwenye kitabu maalumu. Mwanafunzi wa kike hachapwi na mwalimu wa kiume isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila kikao, omba kukiona kitabu hicho. Kikiwa kitupu ilhali watoto wanarudi nyumbani na alama mwilini, swali limekwisha kujileta lenyewe.

Mambo mengine hayana kikao. Mtoto akinajisiwa, akipewa ujauzito au akipangiwa ndoa, kamati haina mamlaka ya kusuluhisha, wala wazee hawana, hata familia zikiwa zimekwisha kuelewana. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi au kumpa ujauzito. Taarifa ipelekwe siku hiyo hiyo polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 hupokea simu za kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Tangu mwishoni mwa 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na mjumbe anayemfahamu ndiye anayefaa kwenda nyumbani kwao kuwaeleza wazazi hivyo.

Kurudi kwa wazazi waliokuchagua

Michango ya hiari, hasa ya chakula cha mchana, ndiyo huleta maneno mengi. Iamuliwe na mkutano wa wazazi wenyewe, iandikwe kwenye muhtasari, ipokelewe kwa stakabadhi, na asiwepo mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo mahali mzazi anapopita, kwa maandishi makubwa, ikionyesha kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Siku ya mkutano, simama wewe mjumbe uisome, kwa kuwa wewe ndiye uliyetumwa. Kisha uliza kama kuna mwenye swali, na usikae mpaka uwape muda wale wa nyuma, ambao huchelewa kunyoosha mkono.