Tengeneza maji ya gesi kwa beseni, staili ya mchungaji Priestley

Watu wakisikia Joseph Priestley wanakumbuka oksijeni tu, ile ya Agosti 1774, sawa, lakini mimi namheshimu zaidi kwa soda unayoshushia sato pale Kirumba, Mwanza. Mwaka 1767 huyu mchungaji Mwingereza alihamia Leeds akakaa jirani na kiwanda cha bia, akaona juu ya mapipa yanayochacha kuna hewa inazima moto, akaweka maji juu yake na maji yakaanza kuwa makali kidogo ulimini. 1772 akachapisha maelezo ya kutengeneza, hela wakaja kupiga wengine, wafanyabiashara kina Schweppe. Priestley alipata gesi hiyo kwa chaki na asidi ya salfuriki, usithubutu, sisi tunaipata kwa siki na bekingi soda.

Tafuta chupa mbili za plastiki za nusu lita (za kioo hapana, mpira ukiziba inapasuka), mpira wa dripu mpya wa famasi, siki na bekingi soda. Bekingi soda jamani, siyo bekingi poda, na kostiki ya watengeneza sabuni ndo kabisa usiiguse, inaunguza koo.

Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani, kwa hiyo chemsha, poza, weka kwenye friji mpaka yawe baridi kweli maana gesi inapenda maji ya baridi, ya vuguvugu inayakimbia. Toboa kizibo cha chupa ya kwanza kwa msumari wa moto, pitisha mpira, ziba pembeni kwa gundi, ikauke. Mimina siki robo chupa tu! Mara ya kwanza nilijaza, povu likapanda mpaka kwenye mpira, tukanywa maji ya achari.

Chupa ya pili ijaze maji mpaka juu, igeuze kichwa chini ndani ya beseni lenye maji safi, isiingie hewa. Funga kijiko cha chai cha bekingi soda kwenye tishu, tumbukiza kwenye siki, funga haraka. Mapovu ya mwanzo yaache yapotee, hiyo ni hewa ya kawaida, halafu ingiza mpira kwenye mdomo wa ile chupa iliyogeuzwa. Gesi ikifika nusu, toa mpira, funga kizibo humo humo majini, kisha tikisa kwa nguvu kama dakika mbili hivi.

Chupa itabonyea yenyewe! Hapo ndo ujue maji yamemeza gesi. Rudia mara mbili tatu. Haitakuwa kali kama ya dukani maana hakuna presha, kamulia limau unywe saa hiyo hiyo. Priestley alipitisha gesi kwenye kibofu cha nguruwe, daktari mmoja, Nooth, akalalamika maji yananuka mkojo, kwa hiyo huo mpira wako wa dripu usiudharau.